Nyuma ya Migongo Mitatu

Sisi wapiga dramu hatuzioni nyuso.
Waliokaa meza za mbele waseme ya macho;
mimi nitasema ya migongo,
ya visigino, na shati lililoloa kati ya mabega.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Majengo, nyuma ya gereji:
kila mwenye chombo na aje.
Yalikuja magitaa matano, tarumbeta moja lenye kutu,
na besi tatu, jambo lisilo la kawaida,
maana besi ni chumvi,
na hakuna aalikwaye kwenda kula chumvi.

Akaanza Ndekirwa.
Kidole gumba chake kina hasira,
anaugonga uzi kama anayebisha hodi kwa mdeni.
Noti zikamwagika, gunia la maharage limetoboka,
nyingine zikaviringika chini ya meza, watu wakazikanyaga.
Noti zikaita noti: mfanyabiashara mmoja wa Mbuyuni
akambandika elfu kumi kwenye paji la uso, ikanata.
Mimi huko nyuma nilikuwa mbioni,
muuza duka anayemkimbilia mteja aliyesahau chenji.
Sikatai, ni fundi.
Lakini kisigino chake hakikugusa sakafu hata mara moja.

Shekiondo hupiga besi usharikani Jumapili, harusini Jumamosi,
siku nyingine anashona viatu stendi.
Alipopewa nafasi akakohoa kwanza.
Kisha noti moja.
Tukangoja.
Ya pili ikaja imevaa viatu.

Kwetu Kibosho maji ya mfongo yana zamu;
ukishafungua huyaharakishi,
unasimama na jembe, unasikiliza yanakoelekea
mpaka mgomba wa mwisho upate.
Ndivyo alivyopiga. Aliacha mapengo
mapana ya kupitisha mkokoteni,
na mle ndani nikasikia chupa ikitua mezani,
mtu akicheka jikoni, mafuta ya mbuzi yakilia juu ya mkaa,
vyote vimo, vyote vimeingia kwenye mdundo.
Kisigino chake cha kushoto kilikuwa chini tangu mwanzo, msumari.
Ila niseme kweli, kwa kuwa ni rafiki yangu:
yalikuwa yale yale ya harusi ya Desemba,
hata kikohozi.

Basi Anasia.
Besi ya kuazima, mkanda mrefu mno,
uzi ule mnene umekatika, unaning'inia.
Akageuka, yeye peke yake aligeuka, nikauona uso.
"Usinisindikize," akasema. "Nishikie tu mlango."
Nikabaki na kiki, polepole.
Akainama, kama kusema, chini ya meza,
akaokota noti moja ya Ndekirwa,
akaipangusa vumbi, akaanza kuigeuzageuza.

Hapo umeme ukakatika.

Spika zikafa. Watu wakaguna, simu zikamulika,
mmoja akaita jenereta, mwingine akaondoka bila kulipa.
Yeye hakuacha.
Besi bila umeme ni nini? Waya kwenye ubao,
panya darini.
Lakini mimi nilikuwa hatua moja tu.
Alishuka, akashuka, akafika pale
ambapo uzi uliokatika ungepaswa kumpokea,
na sauti hizo akazitoa kooni, mdomo umefumbwa,
kama mtu anayehesabu ngazi gizani
katika nyumba asiyoijua.

Jenereta lilipokohoa taa zikarudi,
naye ameshamaliza, anapangusa vidole kwenye sketi.
Wakamwambia: pole dada, huna bahati.

Mpaka leo pale gereji wanabishana,
Ndekirwa au Shekiondo, mbio au mwendo,
na wananiuliza mimi niliyekaa karibu.
Nakaza skrubu za ngoma, nasema migongo yote ilikuwa mizuri.

Juzi nilijaribu kumpigia mke wangu ile solo,
vidole viwili kwenye ukingo wa meza, mdomo umefumbwa.
Akasikiliza. Akangoja.
Akaniuliza: "Bado hujaanza?"